Barua ambayo haikufunguliwa

Bwana Mhariri,

Kila anayepita asubuhi Petite Barrière, njia ya mpaka wa Kongo na Rwanda, anawajua: watu wenye ulemavu wa miguu, juu ya baiskeli zao za magurudumu matatu zilizosheheni mizigo kati ya Goma na Gisenyi. Wanajua bei za pande zote mbili. Wanabadilisha faranga za Kongo na za Rwanda kichwani, na wanajua ni kijana gani mwaminifu wa kuwasukumia mzigo kwenye mawe ya volkano. Hiyo ni biashara, si sadaka. (Mimi mwenye miguu miwili nilijaribu kuuza vitunguu mwaka mmoja, nikafilisika.)

Mwezi uliopita mmoja wao, jirani yangu wa Birere, alipeleka barua ya kuomba kazi ya kutunza depo. Ofisi ilikuwa ghorofani. Alibaki uani, mlinzi akamshushia jibu: "Baba, hapa hatugawi msaada." Barua haikufunguliwa.

Sheria ipo. Katiba ya Kongo ya 2006 inawataja watu wenye ulemavu katika kifungu cha 49, na tangu tarehe 3 Mei 2022 kuna sheria yao peke yao. Waajiri wengine huikumbuka Desemba 3, siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu, wanapiga picha, basi.

Ninaloomba ni dogo: mahojiano yafanyike chini, hata barazani. Na mikutano ya avenyu, yaani ya mtaa, inapoamua mambo ya soko na barabara, waitwe waje kusema, wasisubiri kuhesabiwa siku ya kugawa unga tu.

Msomaji wenu,
Goma