Walete Aprili, Bupe

Uyole, Mbeya
4 Machi

Bupe mwenzangu,

Ugonile. Sisi huku wazima, mvua inanyesha kila alasiri na matope yamefika hadi kibarazani. Baba Lusajo anakusalimu. Sekela naye anakusalimu, amejifungua salama mtoto wa kiume, ila suala la jina bado lina mvutano, na wale wa Kiwira unawajua. Hilo nitakusimulia siku nyingine. Najua tumekaa kimya mno, lakini ujumbe wako wa Jumapili haujanitoka kichwani, nikaona simu haitoshi, bora niandike.

Unasema Ipyana hagusi chakula cha mchana, anataka biskuti na juisi ya pakiti, na Atu ameanza kumwiga. Unasema utawaleta kwangu Juni shule zikifungwa, wakae mwezi mzima, wale chakula cha nyumbani. Nimefurahi sana, nyumba hii ni yao. Ila kwa nini Juni? Walete Aprili, Bupe, kwenye ile likizo fupi. Hata kama ni siku chache. Juni waje tena ukipenda, sitachoka nao.

Sababu yangu iko shambani nyuma ya nyumba. Mahindi tuliyopanda mvua zilipoanza sasa yametoa ndevu. Likizo ya Aprili itayakuta mabichi, ya kuchoma, ya kuchemsha na ya kusaga. Ya Juni itayakuta makavu, sisi tukihangaika na magunia na turubai, na baridi ile unayoijua ambayo watoto wa Dar hawataki hata kutoa mikono kwenye sweta. Hawatalala njaa Juni, kutakuwa na viazi, magimbi, maharage mapya. Lakini mkate wa mahindi mabichi hautakuwepo, na huo ndio ninaotaka wauone ukitengenezwa tangu hindi likiwa kwenye bua.

Nisikilize kwanza kabla hujasema ni mkate tu. Ipyana ana miaka saba, anaweza kazi zote isipokuwa ya kisu na ya moto. Kwanza nitampeleka shambani nimfundishe kuchagua kwa ukucha: punje ikibonyezwa ikitoa maji meupe mepesi, hilo ni la kuchoma; ikitoa ute mzito, hilo ndilo la mkate; ikigoma kabisa, limeshapita, liachwe likauke. Atu atamenya na kutenga maganda yale laini ya ndani. Mimi nakwangua punje kwa kisu, tunasaga mara moja, bila maji au kwa kijiko tu kama mashine inakwama. Chumvi kidogo, iliki mbili tatu za kutwanga, na sukari sitii. Ndiyo, sitii. Hindi likishavunjwa, sukari yake inaanza kugeuka wanga, saa kwa saa. Ndiyo maana mahindi mabichi yanayofika kwenu, yakishapita mlima wa Kitonga njiani na kulala sokoni, hayana ladha unayoikumbuka, na mkate wake unadai sukari. Ya hapa yanatoka shambani yanaingia kinuni. Utamu wote umo.

Halafu magunzi hatutupi. Tunayapanga chini ya sufuria, maji yasiyazidi, juu yake majani ya mgomba niliyoyapitisha motoni yakalegea, kisha rojo, kisha majani tena na mfuniko mzito. Mvuke ufanye kazi kama saa moja hivi, moto usiwe wa pupa. Ikibaki rojo kidogo tunaifunga kwenye yale maganda ya Atu, kimoja kimoja, kila mtoto na vyake. Usiukate ukiwa wa moto, unabomoka. Mama mkubwa alikuwa anatupiga vidole kwa hilo, unakumbuka? Ukipoa unakatika vizuri na unakaa hadi kesho yake, asubuhi wanaula na chai ya rangi au maziwa.

Mtoto aliyechagua hindi mwenyewe, akalimenya na kulisubiri lisaa zima akinusa mvuke, sijaona akikataa kuonja. Lusajo alikuwa msumbufu kuliko Ipyana, wewe ni shahidi, na kilichomtoa huko ni kupewa kazi jikoni.

Makande nayo nataka wayale ya mahindi mabichi. Hapo nikujibu na lile swali lako la zamani, kwa nini maharage yaleyale ninayokutumia yanaiva kwako mapema kuliko kwangu. Si jiko wala mkaa. Huku tuko juu, mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na ukipanda hivyo maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, hapa ni kama 94. Sufuria inatokota kwa kelele, lakini joto linaloingia kwenye punje ni pungufu. Kwa hiyo nayaloweka usiku kucha, namwaga maji yale, natia mapya na kuyachemsha kwa moto mkali kwanza, maana maharage yaliyoiva nusu yanavuruga tumbo la mtoto. Yakishalainika ndipo mahindi mabichi yanaingia, kwa sababu yenyewe hayachelewi. Mwishoni karanga za kutwanga badala ya nazi. Kwa maharage, aina ya Njano Uyole ndiyo naipenda kwa watoto, haina ganda gumu.

Vitafunwa vya mchana havinisumbui kabisa. Boga la kuchemsha na ganda lake, mbegu zake tunaziosha, tunazianika, tunazikaanga na chumvi. Viazi vitamu, hasa vile vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A, vya kuchemsha, juu yake parachichi lililopondwa na ndimu. Mwambie tu Atu parachichi haliivi mtini, asije akapanda kulibonyeza kila siku. Tunalichuma gumu, tunalifunga kwenye gazeti na ndizi mbivu, siku chache limelainika. Matunda damu tutakamua juisi, tuchuje mbegu, hiyo ndiyo ishindane na pakiti yake.

Ila karanga ndizo nataka tuzungumze kwa makini. Umesema unanunua za kukaanga za bei rahisi pale kituoni ili wabebe shuleni. Bupe, tafadhali acha. Hujui zilihifadhiwaje. Sumukuvu inatokana na ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yasiyokauka vizuri au yaliyowekwa penye unyevu, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 watu walikufa kwa ajili yake Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi ya kawaida ya kula nyumbani. Nunua mbichi zilizokauka, zimwage kwenye ungo, toa kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, kisha kaanga mwenyewe. Ni kazi ya nusu saa Jumamosi jioni. Na zilizotolewa usimpe kuku wala usizirudishe kwenye uji wa lishe. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu naona akina mama wengi, na si wa mjini tu, wanatafuta karanga nzima nzima za kuuza na zile mbovu ndizo zinazobaki za kusaga kwa ajili ya mtoto. Inaniuma kila nikiiona.

Haya, tumerudi palepale pa Aprili. Najua baba Ipyana atasema nauli ya siku chache ni hasara. Mwambie nauli ya kurudi nitaitoa mimi, Baba Lusajo ameshakubali. Mwambie pia Juni kuna mboga za vinyungu tu, zile bustani za bondeni, na kila mtu yuko kwenye mavuno, nani atakaa na watoto jikoni? Aprili nina nafasi, mvua ikinyesha hatuendi popote, tunapika. Kama hataki kabisa, basi nipigie nizungumze naye mwenyewe, ananiheshimu tangu siku zile za mahari.

Nina ombi pia. Yeyote anayekuja naomba anibebee kilo mbili za ufuta. Huku ni ghali na mara nyingi una mchanga. Nataka nitengeneze kashata za ufuta kwa asali, Tumwite ameniletea asali nzuri mno ya Chunya, na... ah, habari za Tumwite nazo, hizo ni za ana kwa ana. Asali hiyo usimpe mtoto wa dada yako lakini, hajatimiza mwaka.

Sasa nijibu. Shule yao inafunga tarehe ngapi hasa, na wanafungua lini? Nani atawasindikiza, mdogo wako au unawakabidhi kondakta? Niwasubiri stendi ya Nane Nane au watakuja na treni ya TAZARA? Atu bado analala na mwanga? Ipyana anakula mboga gani hata moja, majani ya maboga je, au hata hayo anatema? Mama mkwe wako amepona mguu? Na lile la muhimu kuliko yote, maana humu nimezitaja karanga kila kona: vile vipele alivyotokwa Ipyana kwenye ubatizo wa Lugano, hospitali walisema ni karanga au ni kitu kingine? Nijibu hilo kwanza, hata kwa ujumbe mfupi leo usiku, kabla sijatwanga chochote.

Wako,
Mama Lusajo