Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kupima Tija ya Vituo vya Afya Vijijini

Ndugu wanachama,

Habari za ada na uanachama zimo kwenye taarifa za katibu na mhazini, sitazirudia. Mwaka huu kamati yenu imeshughulika hasa na mwongozo wa kupima kama fedha zinazowekwa kwenye vituo vya afya vijijini zinaleta tija.

Kipimo kinachopendwa na wapangaji bajeti ni gharama kwa kila mgonjwa aliyehudumiwa. Kwa kituo cha kijijini, kipimo hicho ni dhuluma. Mishahara, jengo na jokofu la chanjo hulipiwa vilevile, waje wagonjwa 10 au 100. Isitoshe, mtoto aliyechanjwa surua asiugue haonekani kwenye daftari la wagonjwa, hivyo kituo kinachozuia maradhi huhesabiwa kuwa ghali kwa sababu hiyohiyo ya kuyazuia.

Tumeamua kuhesabu miaka ya maisha yenye afya inayookolewa, njia iliyoenezwa na ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1993. Hatukuchukua kile kikomo kinachoihesabu huduma kuwa na tija ikiwa gharama ya kuokoa mwaka mmoja wa aina hiyo haizidi pato la taifa kwa kila mtu mara 1 hadi 3. Hakisemi lolote kuhusu bajeti iliyopo, na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wenyewe wameonya kisitumiwe peke yake kuamua.

Mjadala mkali ulikuwa juu ya gharama za mgonjwa: nauli, kibarua alichokikosa, ndugu aliyemsindikiza. Wenzetu kadhaa waliona kuziingiza ni kuvipendelea vijiji. Nami nashikilia kwamba kuziacha ndiko kupendelea. Kituo kikifungwa, vitabu vya serikali vitaonyesha akiba, kumbe mzigo umehamia kwenye kaya. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, tamko la kimataifa kuhusu huduma ya msingi ya afya, lilitaka huduma ya msingi iwe kwa gharama ambayo jamii na nchi zinaimudu. Jamii ilitajwa pia.

Jingine ni dawa. Mhudumu anayelipwa mwezi mzima huku rafu haina dawa ya kuongeza maji mwilini wala zinki za kutibu kuhara ni hasara kubwa kuliko bei ya dawa zenyewe. Mwongozo sasa unataka siku za kukosekana kwa dawa zihesabiwe kila mwezi.

Rasimu mmeshaipata. Fomu ya gharama za kaya bado ni ndefu mno kwa muuguzi aliye peke yake kituoni. Naomba tuanze kwa kuipunguza hiyo.

Mwenyekiti