Mkono uliomchezesha Miss Piggy ndio uliomchezesha Yoda

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu filamu za anga niliisoma kwa raha mpaka pale mwandishi aliposema kwamba Muppets, wale vikaragosi wa televisheni, na filamu za Star Wars hutaniana kwa sababu tu zote ni mali ya Disney. Hapo nimeshindwa kunyamaza. Wanaonyimwa haki yao ni wachezesha vikaragosi, na kazi hiyo naijua, kwani kwa miaka mingi nimewashonea na kuwachezeshea watoto wa chekechea.

Disney iliwanunua Muppets mwaka 2004, ikainunua Lucasfilm, kampuni ya Star Wars, mwaka 2012. Lakini Luke Skywalker, shujaa wa Star Wars, aliingia kwenye The Muppet Show, kipindi cha televisheni cha Muppets, mwaka 1980, wakati Muppets ni wa mbunifu wao Jim Henson na Star Wars ni ya mtengenezaji wake George Lucas. Mwigizaji wa Luke, Mark Hamill, alicheza nafasi mbili: Luke, na binamu yake Luke, ambaye ni Mark Hamill mwenyewe! Alikuja na roboti C-3PO na R2-D2 kumtafuta Chewbacca, yule mwenzao mwenye manyoya. Miss Piggy, nguruwe wa kike wa Muppets, akatokea na nywele zilizoviringishwa masikioni kama za Princess Leia wa Star Wars, na mwenzake Gonzo akavaa mavazi meusi ya Darth Vader, adui wa filamu hizo, akajiita Dearth Nadir. Mwaka huohuo roboti wale wawili walifika Sesame Street, kipindi cha watoto chenye vikaragosi vya Henson, R2-D2 akalipenda bomba la zimamoto akidhani amepata mchumba.

Hata kabla ya hapo Muppets walikuwa na kichekesho chao cha nguruwe wa angani, Pigs in Space, na chombo chao kiliitwa Swinetrek, kuitania Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za angani.

Tena walikuwa majirani. The Muppet Show ilirekodiwa Borehamwood, kaskazini mwa London, na Star Wars ilipigwa picha katika studio nyingine ya mji huohuo. Lucas alipomtafuta mtu wa kumpa uhai Yoda, kikaragosi cha mzee mdogo katika filamu ya Star Wars ya The Empire Strikes Back, alimwendea Henson, naye akampendekeza Frank Oz. Huyo Oz ndiye aliyemchezesha Miss Piggy. Ndiye aliyemchezesha dubu Fozzie pia. Umbo la Yoda lilibuniwa na Stuart Freeborn, lakini pumzi aliitia Oz, akiwa chini ya sakafu iliyoinuliwa, mkono juu, na wasaidizi wake pembeni. Anayedhani ni kazi nyepesi ainue mkono juu ya kichwa kwa dakika kumi, huku anazungumza na sauti isitetemeke.

Mtazameni Yoda anavyopekua mizigo ya Luke, anavyomchapa R2-D2 kwa fimbo wakigombea taa. Utani ule ni wa Muppets mtupu. Kwa maoni yangu ndio uliotufanya tumpende yule mzee kwanza, hata alipoanza kusema mambo mazito tukawa tayari tumekaa chini kumsikiliza. Msanii asiyezoea vikaragosi asingeliweza.

Ombi langu ni moja. Mkiandika tena habari za Yoda, liwekeni jina la Frank Oz kando ya jina la Mark Hamill, kwa herufi za ukubwa uleule.

Wenu,
Mchezesha vikaragosi, Tanga