Aksanti kwa mkunga wa zamu ya usiku, Bukavu

Mama mkunga, jina lako sikulipata, lakini Kadutu nzima ijue ulivyonitendea. Nyumbani walishakata shauri: mwenye kifafa kama mimi lazima ajifungue kwa kupasuliwa. Wewe ukawaambia kwa upole kwamba kifafa peke yake si sababu ya upasuaji. Kikitulizwa kwa dawa, na mtoto akiwa amekaa vizuri, mama wengi hujifungua kawaida. Saa ya dawa ilipofika katikati ya uchungu, ulinishikia kikombe nikameza karbamazepini, dawa yangu ya kifafa, maana kuruka dozi na kukosa usingizi huamsha kifafa. Ukawatoa wenye kelele ili nisinzie kidogo. Binti yangu ananyonya vizuri, nami dawa sijaacha, kama ulivyoniagiza. Mungu akuzidishie, mama.