Risala kwa mgeni rasmi: kikundi cha kutembelea wagonjwa, Likoni

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu, kina mama na majirani, asalaam aleikum na hamjambo nyote. Karibu Likoni, tunajua leo foleni ya feri ilikuwa ndefu na ukavumilia, ahsante sana.

Sisi tunajitolea kutembelea majumbani watu wa kansa na wengine ambao daktari keshasema hawatapona, kazi yetu ni kutuliza maumivu, kusafisha vidonda, kukaa nao. Na kila tukiomba msaada tunaulizwa, mnajuaje kazi yenu ni nzuri? Malaria unapima damu unajua imeisha, lakini sisi wagonjwa wetu wanafariki, ukihesabu vifo utaona tumefeli wote.

Kuna fomu ya kupima hali ya mgonjwa, ya APCA, yaani chama cha Afrika cha huduma za kutuliza wagonjwa kama hawa, imetengenezwa hukuhuku Afrika, maswali 10, 7 ya mgonjwa na 3 ya anayemuuguza, unauliza siku 3 zilizopita zilikuwaje na anajibu 0 mpaka 5, hata kwa vidole. Ni nzuri sana. Ila kwenye maumivu 5 ndio mbaya, kwenye amani ya moyo 5 ndio nzuri, mtu amechoka lazima umweleze polepole.

Bibi mmoja tulipomuuliza maumivu akasema "alhamdulillahi mwanangu", akanyoosha kidole kimoja, na mkono wa pili umelibana pindo la leso halimtoki. Binti yake yuko nyuma yake, anatuonyesha vitano! Tuandike ngapi? Tukaandika 1 yake, na 5 ya binti pembeni. Binti alipotoka kuchota maji bibi akatuambia hataki mtoto aanze kukopa pesa za dawa. Akafungua vidole vinne.

Tukahangaika akapata mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, tuliporudi akasema amelala mpaka adhana ya alfajiri. Hiyo fomu haina mahali pa kuiandika jamani, na wallahi ndiyo habari tuliyoitaka. Na baada ya msiba ukiuliza familia wote watakwambia ahsanteni mlitufaa, hata kama wiki ile dawa ilikosekana, nani atalalamika matanga hayajaisha?

Mheshimiwa, ombi letu ni nauli ya bodaboda twende wawili wawili, mmoja azungumze na wa nyumbani nje, mwingine abaki na mgonjwa faragha, na turudi mara ya pili kuuliza tena. Na utusemee dawa isikatike.

Ni sisi wanakikundi, Likoni, Mombasa.