Uanzie jikoni: barua kwa mama Furaha

Bukavu, tarehe 4 Oktoba

Kwako mama Furaha,

Jambo sana. Barua yako imefika, na nimefurahi kusikia kwamba mmeshatulia hapa Bukavu, kule Kadutu, na watoto wameanza masomo. Umeniuliza namna ya kuendesha nyumba bila kuharibu mali wala mazingira, na umeandika kwamba unataka kubadili kila kitu mwezi huu huu. Dada, usibebe yote kwa mara moja. Anza na makala, yaani makaa ya kupikia. Sashe za plastiki ndizo tunazoziona zaidi kwa sababu zimetapakaa njiani, lakini moto wa jikoni unawaka kila siku, na kila siku unakula pesa yako na miti pamoja. Sehemu ya makala yanayouzwa hapa mjini inatoka katika msitu wa Kahuzi-Biega, ule wa ngagi, yaani gorila. Gunia unalolipunguza wewe ni mti unaobaki umesimama kule.

Umelalamika kwamba maharagi ya hapa hayaivi kama ya Uvira. Kosa si la maharagi. Uvira iko kando ya Ziwa Tanganyika, kama mita 770 juu ya bahari, na Bukavu iko kama mita 1,500. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kwa joto dogo zaidi: kule yanachemka karibu na nyuzi 97, hapa karibu na 95. Nyuzi mbili ni chache kwa kuhesabu, lakini kwa haragi kavu zinarefusha muda wa kukaa motoni. Na kujaza makala zaidi hakusaidii kitu, kwa maana maji yakishachemka hayapandi joto tena. Moto mkali unayageuza mvuke tu, nawe unaongeza maji kila mara. Yakianza kuchemka, funga mlango wa hewa wa mbabula, lile jiko la makala, mpaka yabaki yanatokota polepole, na kifuniko kisitoke.

Loweka usiku: kikombe 1 cha maharagi kwa vikombe 3 vya maji, kwa muda wa saa 8 hadi 12. Asubuhi mwaga yale maji, suuza, weka mapya. Nyanya na ndimu zisubiri mpaka maharagi yalainike, kwani ukali wake unakaza ganda na utachochea moto hadi jioni. Sokoni muulize muuzaji kama ni mavuno mapya. Maharagi yaliyokaa ghalani zaidi ya mwaka yanakuwa magumu kiasi kwamba hata kuyaloweka hakuyasaidii sana.

Baada ya hapo tengeneza kapu la kupikia bila moto. Hilo ndilo ningependa ulifanye kabla ya mengine yote. Chukua kitunga kikubwa, ukijaze majani makavu ya migomba, nguo kuukuu au vipande vya godoro, unene wa sentimita 10 chini na pande zote. Katikati acha shimo linaloikumbata sufuria barabara. Shona mto mnene wa kufunika juu. Maharagi yaliyolowekwa yachemshe kwa nguvu dakika 30, kisha ipua sufuria bila kufunua, itie kapuni, bonyeza mto juu yake, uiache saa 3 hadi 4. Ukirudi, yarudishe motoni mpaka yachemke tena, ndipo utie kitunguu, nyanya na mafuta. Mchele unataka kuchemka dakika 5 tu, halafu saa moja kapuni.

Zile dakika za kuchemsha kwa nguvu usizikate. Maharagi mabichi, hasa mekundu, yana sumu ambayo kuchemka dakika 10 kunaiua, lakini uvuguvugu peke yake hauiui, na mtu akiyala hivyo anatapika vibaya. Sombe, yaani majani ya muhogo, nayo usiitie kapuni tangu mwanzo. Itwange vizuri, uichemshe bila kifuniko dakika 20 au zaidi, maana sumu yake inatoka kwanza kwa kutwanga, kisha inaruka na mvuke. Ukifunika mapema unairudisha ndani.

Kapu likikushinda, sababu ni moja kati ya hizi. Sufuria ilikuwa nusu, na chakula kidogo hakibebi joto la kutosha. Ijae angalau theluthi mbili. Majani yalikuwa na unyevu, na unyevu unanyonya joto. Au mtoto alifunua kuchungulia. Na chakula kisilale humo usiku kucha, kwa kuwa kikipoa na kubaki vuguvugu kinaharibika kabla hakijanuka.

Sasa mbabula yenyewe. Ile ya bati tupu inapasha ukuta wa jikoni kuliko sufuria. Tafuta yenye udongo wa kuchomwa ndani na mlango mdogo wa hewa chini, na uangalie sufuria yako inakaa karibu na makala, si juu hewani. Toa majivu kila asubuhi, la sivyo hewa haipiti nawe utalaumu makala. Usiizime kwa maji hata siku moja, udongo utapasuka. Chakula kikiiva, yale makala yanayowaka yachukue kwa koleo uyatie kwenye debe la chuma lenye kifuniko kinachobana. Yakikosa hewa yanazimika yenyewe na kesho unayawasha tena. Debe hilo likae nje. Usiku wa Bukavu una baridi kuliko mlivyozoea Uvira, na najua mtu anatamani kuingiza mbabula chumbani. Nakusihi kwa moyo wote, usiruhusu. Makala yanayowaka yanatoa hewa ya monoksidi ya kaboni, haina harufu wala moshi, na watu wanalala wasiamke.

Kuwasha moto, acha mtindo wa sashe. Moshi wa plastiki unaingia kwenye mapafu ya watoto wanaocheza karibu. Magunzi makavu ya mahindi au vipande vyembamba vya mkaratusi vinashika haraka.

Chini ya gunia kunabaki vumbi ambalo wengi wanalimwaga. Hilo ni moto bado. Lichekeche kuondoa mawe na udongo, kwa sababu udongo unageuka majivu na kuzima joto. Kwa kilo 2 za vumbi, pika uji mzito wa gramu 150 za unga wa muhogo katika lita 1 ya maji, uumimine ungali moto, ukande. Ongeza maji kidogo kidogo hadi ukifinya konzi lishikamane bila kuchuruzika. Finyanga mabonge ya ukubwa wa yai, au kandamiza ndani ya kopo. Kwenye jua la kiangazi yanakauka kwa siku 4 au 5. Sasa mvua zimeanza, kwa hiyo yaanike chini ya paa penye upepo na usiyaguse kwa wiki 2. Yakimomonyoka, uji haukuiva au ulikuwa mchache. Yakitoa moshi, hayajakauka au unga ulizidi. Hayawaki kwa haraka kama makala, ila yanakaa muda mrefu, ndiyo maana yanafaa kwa maharagi kuliko kwa chai.

Maji ya kunywa yanakula makala pia, na hapo kuna akiba watu wanaisahau. Chukua chupa za plastiki angavu za lita 1.5, zisizo na michubuko, toa karatasi ya nje, jaza maji, funga, uzilaze juu ya bati. Jua kali la saa 6 linaua vijidudu. Anga likifunikwa na mawingu zaidi ya nusu, na hapa miezi hii ndivyo ilivyo, ziache siku 2 mfululizo. Mvua ikinyesha siku nzima njia hii haifai, chemsha. Maji yawe safi kwa macho: simamisha chupa juu ya maandishi na uangalie kutoka mdomoni, usipoweza kusoma, yachuje kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara 4. Ukichemsha, yakitokota dakika 1 yanatosha hata kwa nyuzi zetu 95. Kuyaacha dakika 20 ni kuchoma makala bure.

Ya kufulia na kuosha yatoke kwenye paa. Hesabu yake ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 6 kwa 5, mvua ya milimita 10, ni lita 300. Ukitoa yanayomwagika unapata kama 240. Pipa lako linajaa kwa mvua moja. Bidoni ya kwanza ya lita 20 isiingie pipani, ndiyo inayoosha vumbi na mavi ya ndege. Funika pipa kwa kitambaa cha chandarua, mbu wasitage humo. Na yanayozidi yaongoze kwa bomba hadi kwenye mfereji wa barabara. Umejenga mtelemkoni, mama Furaha: maji ya paa yanayodondoka ovyo ndiyo yanayokula udongo wa jirani wa chini, na shimo la kunyonya maji likichimbwa ukingoni linaweza kuuporomosha mteremko wenyewe.

Kuhusu taka, umesema majirani wanazitupa kwenye bonde wakati wa mvua na zinatoweka. Hazitoweki. Zinashuka ziwani, na Ziwa Kivu lina njia moja tu ya kutoa maji, mto Ruzizi, unaoanzia hapa hapa Bukavu. Kilomita chache chini ndipo bwawa la Ruzizi I lilipo, linalofanya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Chupa na sashe zetu zinajikusanya pale, zinaziba njia ya maji ya mitambo, mashine inasimamishwa isafishwe, na sisi tunakaa gizani. Kuna watu wanaozitoa kwa mitumbwi na kwa mikono. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa amri ya Desemba 2017, na bado unapewa sashe kwa kila nyanya. Nenda sokoni na kitunga na mifuko 3 au 4 ya kitambaa cha kitenge, mmoja wa unga, mwingine wa maharagi. Mafuta yapimiwe kwenye chupa yako mwenyewe.

Maganda ya ndizi, ya viazi na mabaki ya lengalenga (mchicha) yaingie kwenye mfuko wa kilo 50 uliotobolewa pande zote. Kipimo 1 cha mabichi, vipimo 2 vya makavu: majani, karatasi zilizochanwa, maranda ya fundi mbao. Geuza kila wiki. Ukifinya kiganjani iwe kama nguo iliyokamuliwa. Ikinuka, ni maji mengi, ongeza makavu. Wakija chungu, ni kavu, nyunyiza. Majivu ya mbabula weka kiganja kimoja tu kwa wiki. Nyama na samaki usitie, utaita panya. Baada ya miezi 2 au 3 changanya sehemu 1 ya mbolea hiyo na 3 za udongo, jaza gunia jingine lenye nguzo ya mawe katikati ya kupitishia maji, toboa pembeni, upande lengalenga. Wiki 4 unaanza kuchuma, na gunia moja halihitaji parsele (kiwanja) kubwa.

Taa sina mengi: balbu ya LED ya wati 9 inaangaza kama ile ya zamani ya wati 60. Kama una friji, jaza nafasi tupu kwa chupa za maji, zikiganda zinatunza baridi umeme ukikatika.

Nitakuja Jumapili baada ya ibada. Usinunue kitunga kabla sijafika, tuipime kwanza sufuria yako kubwa tuone kipenyo chake, na ukaushe majani ya migomba chini ya paa tangu leo. Salimia baba Furaha na watoto.

Wako,
Nsimire