Yah: Malalamiko kuhusu gari jipya lililoharibiwa na huduma ya kulinda rangi

Raskazone,
Tanga.
Julai 2025

Meneja wa Tawi,
Idara ya Mauzo na Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Mwezi Mei nilinunua kwenu gari jipya la bluu iliyokoza, na siku hiyohiyo ofisa mauzo wenu akanishawishi niongeze fedha kwa ajili ya kifurushi mnachokiita ulinzi wa rangi, yaani gari lioshwe, lipigwe polishi, kisha lipakwe keramiki, dawa ya maji inayokauka na kuacha tabaka jembamba juu ya rangi. Nililipa vyote. Nakala ya risiti ya EFD nimeiambatisha. Leo ukingo wa boneti umepauka, milango ina michirizi ya duara inayojitokeza kila jua linapoipiga, na paa lina mabaka meusi yasiyofutika. Nimelalamika kwa simu, nimelalamika ofisini kwenu, na jibu ni lilelile: nilete gari mlipige polishi tena, bure. Naandika kuikataa polishi hiyo ya bure na kudai kinachonistahili.

Nieleze kwanza kilichotokea yadi, kwa sababu nilisimama pale mwanzo hadi mwisho. Yadi yenu iko kando ya njia wanayopita malori ya saruji ya Pongwe, na gari lilikuwa limeshikwa na vumbi. Vumbi la namna hiyo ni chembe ngumu, na kila anayeosha magari Tanga anajua kwamba humwagiwa maji mengi kwanza, likatiririka lenyewe, ndipo kitambaa kiguse bodi. Kijana wenu alipewa tambara kavu. Alifuta gari zima kwa tambara hilo, kisha akaliosha kwa sabuni ya unga, ileile ya kufulia nguo, iliyokuwa kwenye ndoo moja ambamo alichovya tambara lenye mchanga na kulirudisha kwenye mlango. Hapo ndipo mikwaruzo ilipoanzia. Ili kuificha, akaletewa mashine ya polishi na dawa ya kukwangua, akaikandamiza kwenye boneti saa saba mchana, juani, bati likiwa la moto. Aliponyanyua mashine, pedi ilikuwa na rangi ya bluu.

Naomba msome sentensi hiyo mara ya pili. Rangi ya gari hili ni ya metaliki, na bluu yake imefunikwa na tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Pedi inayosugua klia haitoki na bluu. Ikitoka na bluu, basi pale klia imekwisha na mashine imeanza kula rangi yenyewe. Pale pedi ilipopata bluu ndipo ukingo wa boneti ulipopauka leo. Kwenye kona na kingo ndiko klia huwa nyembamba kupita kwingine, na fundi aliyefundishwa hubandika utepe wa karatasi kwenye kingo kabla hajawasha mashine. Utepe huo sikuuona.

Rangi yote ya gari linalotoka kiwandani, tangu praima ya kuzuia kutu hadi juu, kwa kawaida huwa na unene wa takriban mikroni 100 hadi 150, mikroni moja ikiwa sehemu ya elfu ya milimita. Klia peke yake ni kama mikroni 35 hadi 50, nyembamba kuliko unywele. Ndani ya unene huo mdogo ndimo mna kinga dhidi ya mionzi ya jua, na jua la Tanga mnalijua. Kila polishi ya mashine hupunguza klia, hata ikipigwa na bingwa, maana mng'aro unapatikana kwa kuushusha uso wa klia hadi ulingane na kina cha mkwaruzo. Kwa hiyo mnaponiambia nilete gari mpige tena, mnaniomba ruhusa ya kukwangua kilichobaki. Gari lingeng'aa wiki mbili tatu, nanyi mngefunga faili. Baada ya miaka michache klia ingeanza kubanduka vipande vipande, kama tunavyoyaona magari mengi hapa mjini, na wakati huo mngesema ni hali ya hewa ya pwani.

Kuhusu keramiki nayo, ofisa wenu aliniambia kwa kinywa chake kwamba nikishapaka gari halitakwaruzika miaka mitano na sitahitaji kuliosha zaidi ya kumwagia maji. Hakuna keramiki ya namna hiyo. Ni tabaka la silika lenye unene wa mikroni moja hadi mbili hivi. Husaidia maji yateleze na uchafu usigande, na hilo ni jambo jema kwa sisi tunaoishi karibu na bahari, wakati huu kusi linapotuletea chumvi mpaka kwenye vioo vya madirisha. Kokoto halizuii, tambara lenye mchanga halizuii. Hata kinyesi cha kunguru, ambao Raskazone wamejaa kila mti, lazima kioshwe mapema kabla jua halijakipika juu ya rangi.

Na hiyo faida ndogo iliyopo sikuipata. Kabla ya kupaka keramiki, mafuta ya polishi hufutwa kwa spiriti ili dawa ishike klia yenyewe. Kijana alitoka kwenye mashine akaenda moja kwa moja kwenye chupa ya keramiki. Kazi hiyo hufanywa kivulini, bati likiwa limepoa, la sivyo dawa hukauka kabla haijasawazishwa na kuacha mabaka, ndiyo hayo yaliyoko kwenye paa. Kisha bidhaa za aina hii huhitaji kukaa bila kuguswa na maji kwa takriban saa 24, na shampuu isubiri kama wiki nzima. Mlinikabidhi gari jioni ileile, masika, mvua ikiwa imeshaanza kudondoka, na hakuna aliyeniambia neno kuhusu maji.

Sitaki kijana yule aadhibiwe. Alifanya kazi kwa bidii na kwa vifaa alivyopewa. Hakupewa kivuli, ndoo ya pili, kitambaa cha maikrofaiba, utepe, wala mafunzo. Mwenye kuulizwa ni aliyeweka bei ya kifurushi akajua kwamba nyuma yake hakuna gereji yenye uwezo wa kuifanya kazi hiyo. Wanaonunua kwenu wengi wamekopa. Kuwauzia huduma inayoharibu kitu walichokikopea ni kosa kubwa, na linaniuma zaidi nikifikiria wale wasiojua hata pa kuangalia.

Ninachodai ni hiki. Mlete kifaa cha kupimia unene wa rangi, mpime kila paneli mbele yangu, boneti, paa, milango na madigadi, na mniandikie vipimo kwenye karatasi yenye mhuri wenu. Fedha za kifurushi chote zirudishwe. Boneti, na paneli nyingine yoyote itakayoonekana kukwanguliwa kupita kiasi, ipakwe upya na fundi rangi tutakayekubaliana, kwa gharama yenu. Aidha mnifidie upungufu wa thamani, kwa sababu rangi ya kiwandani huokwa kwa joto la karibu nyuzi 140 za Selisiasi bodi ikiwa tupu, kabla ya kufungwa nyaya, raba na plastiki. Gari lililokwishaundwa haliwezi kuingizwa kwenye joto hilo, hivyo hata fundi hodari kuliko wote Ngamiani hawezi kunirudishia rangi niliyoinunua. Siku nitakapoliuza, mnunuzi atagonga boneti na kuuliza kwa nini imepakwa. Mwisho, mthibitishe kwa maandishi kwamba waranti ya kutu na ya rangi inaendelea bila kupunguzwa kwa sababu ya kazi mliyoifanya ninyi wenyewe.

Nawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita bila majibu ya maandishi, nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003, ambayo inakataza kumpotosha mteja katika biashara, pamoja na picha za rangi na tangazo lenu la kifurushi ambalo hadi leo limebandikwa mlangoni.

Gari lipo nyumbani, chini ya banda, na halitaguswa na mashine yoyote hadi lipimwe. Mkaguzi wenu anaweza kuja siku yoyote ya kazi kuanzia saa tatu asubuhi. Anipigie simu kwa namba iliyo kwenye mkataba wa mauzo.

Wenu,
Mteja, mwenye risiti iliyoambatishwa

Nakala: Mkurugenzi, Makao Makuu ya Kampuni, Dar es Salaam